Neno Moja kwa Jiwe la Avis

Selwyn Helliwell alivua kofia mlangoni kwa mchungaji, si kwa heshima bali kwa mazoea. Mkewe ndiye aliyemfunza, na mafunzo ya Avis hayakuwa ya kufutika kwa sababu tu mwenyewe amelala chini ya udongo. Akakaa bila kukaribishwa, akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya kufungia pai, chenye doa la mafuta, akakisukuma mezani.

"Maneno ya jiwe hayo," akasema.

Mchungaji Pell alikuwa kijana mwembamba, mgeni bado pale Thornclough, mwenye tabia ya kutikisa kichwa kukubali hata kabla hujasema jambo. Akasoma. Avis Helliwell. Mke wa Selwyn, mama wa Lorraine. Na chini kabisa, peke yake, kwa herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: BOSSY.

Kichwa kikaacha kutikisika.

"Hili la mwisho, mzee Selwyn... ni utani?"

"Nimepanda mlima kwa goti hili. Naonekana kama natania?"

Ni neno la kila siku katika bonde lile. Huitwa hivyo msichana anayewapanga wenzake mchezoni, muuguzi anayewafukuza wageni wodini, jirani anayekuambia pipa lako la taka limekaa upande. Bosi yumo ndani yake, ila ni bosi asiye na kiti wala cheo, mtu anayetoa amri ambazo hakuna aliyemtuma kuzitoa. Mwenye cheo haitwi hivyo. Mkurugenzi akifoka, watasema ana msimamo.

Avis hakuwahi kuwa na cheo. Maisha yake yote ya kazi aligawa chakula shuleni, upawa mkononi, kitambaa kichwani. Lakini nyumba yao ilikuwa na amri zake kama meli. Selwyn alikuwa akiingia na mabuti, anasikia sauti kutoka jikoni, wala haikupanda, "Hayo yanaishi nje," na miguu yake ilirudi nje yenyewe kabla akili haijaelewa. Ndipo alipokuwa akimwambia, akitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi, "Bossy wewe." Na yeye, bila kugeuka, "Na chai yako inapoa."

"Naelewa kwamba unamkumbuka," mchungaji akasema. "Lakini atakayepita na kusoma ataona kama marehemu ametukanwa. Tutafute neno la heshima zaidi. Mwenye mamlaka, kwa mfano."

"Mamlaka ni ya wale waliomwacha koridoni."

Hilo mchungaji alilijua, mji mzima ulilijua. Hospitali kubwa ya nje ya bonde haikuwa na kitanda, na Avis alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu, kando ya ukuta, pamoja na wengine kama yeye. Hata hapo, kifua kinapiga filimbi, aliinua kidole akamwambia daktari aliyemwinamia, "Huyu bwana alifika kabla yangu. Anza naye." Daktari akaanza naye. Kwa Selwyn, waliomuua mkewe walikuwa watu wenye ofisi za zulia, waliofunga hospitali ya bondeni na kuuza kiwanja chake, kisha wakapeana nishani.

"Basi, jasiri?"

"Jasiri ni jina la mbwa."

"Mpendwa?"

"Mchungaji, toka nje ukasome. Makaburi yote yale ni ya wapendwa. Hata mzee Horsfall ni mpendwa, na mkewe alikuwa akija kwetu na jicho limevimba. Jiwe moja tu liseme kweli. Ni dhambi?"

Mchungaji alijikuna ndevu. Akaeleza, kwa upole wa mtu anayetoa mwiba, kwamba makaburi ya kanisa yana kanuni zake: jiwe lisimetemete, lisiwe na umbo la moyo, lisiwe na maneno ya mzaha. Yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuruhusu. Mwenye uwezo alikuwa jaji wa dayosisi. Na kabla jaji hajaamua, tangazo lingebandikwa mlango wa kanisa, mwenye pingamizi alete.

"Nilijua," Selwyn akasema, akiinuka na goti likilia. "Nchi hii, ukigonga mlango unakuta mlango mwingine. Bandika tangazo lako."

Tangazo likabandikwa, na kufika Ijumaa foleni ya duka la pai la Brenda Uttley haikuwa na mazungumzo mengine. Thornclough ni mji mdogo. Mto, reli na barabara vimebanana bondeni kama ndugu watatu kitanda kimoja, na siri haina pa kulala.

"Kweli unataka kuandika hivyo, kipenzi?" Brenda akamuuliza Selwyn. Yeye humwita kila mtu kipenzi, hata mkaguzi wa afya.

"Mlikuwa mnamwitaje nyinyi? Malkia?"

"Tulimwita hivyohivyo," akajibu mtu wa nyuma, fundi bomba kwa jina Desmond. "Siku moja alinisimamisha darajani akaniambia nirudi nyumbani nikabadilishe shati. Na nilikuwa naenda kwenye harusi yangu mwenyewe!"

"Ukabadilisha?"

"Ningeoa kama nisingebadilisha?"

Duka zima likacheka. Brenda akafuta macho kwa aproni. "Sasa ile siku ya mafuriko," akasema, na cheko likageuka kuwa kitu kingine, maana kila mmoja pale alikuwa na yake ya kusimulia kuhusu siku ile.

Mto ulipanda mchana kweupe, saa ya chakula cha shule. King'ora cha halmashauri hakikulia. Baadaye ilisemekana mwenye ufunguo alikuwa semina. Avis alitoka shuleni na aproni yake, upawa bado mkononi kwa kuusahau, akapanda ngazi ya benki, akatazama maji. Kisha akaanza. Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeomba chumvi, lakini ilifika. "Wewe mwenye koti zuri, livue, shika gunia. Daktari, bibi Crabtree hawezi ngazi, mbebe. Wewe wa lori, liegeshe hapa likingame uchochoro, ubavu wake uyapokee maji. Ndiyo, najua ni jipya." Wakafanya. Hakuna aliyeuliza ametumwa na nani. Polisi walipofika na kuuliza nani msimamizi, watu wapatao hamsini walinyoosha kidole kwa mwanamke mwenye upawa, na mkuu wao, mtu wa nyota mabegani, akapanda ngazi akamuuliza, "Nisimame wapi, mama?"

Hakufa mtu siku ile. Mwaka uliofuata nishani za mafuriko zilitolewa, na zikaenda kwa watu wa halmashauri.

"Liandikeni hilo neno," Brenda akasema, akifunga pai. "Mimi sina pingamizi."

"Wala mimi," akasema Desmond. "Ila chini yake mwongeze: ameshaona shati lako."

Selwyn akarudi nyumbani na pai yake, moyo umempanda kidogo. Hakumwambia binti yake. Lorraine alikuwa Leeds, msimamizi wa zamu katika ghala la vifurushi, na baba alitaka siku moja amshike mkono, amsimamishe mbele ya jiwe, amwone anavyocheka na kulia kwa pamoja.

Majira yakageuka. Selwyn aliingojea barua ya jaji kama mtu anavyongojea kofi: ameshakunja uso. Alikuwa ameandaa hata matusi. Lakini barua ilipofika, akaisoma amesimama, kisha ameketi, kisha akampelekea Brenda amsomee tena kwa sauti, kwa kuwa yale maneno marefu hakuyaamini machoni pake. Jaji alikubali. Alisema hakuna aliyeleta pingamizi, na ameridhika kwamba neno hilo, kinyume na desturi, lilitumika mjini pale kwa mapenzi.

"Umewashinda, kipenzi," Brenda akasema.

Selwyn hakujua afanye nini na uso wake. Miaka yote hiyo akiendesha gari la taka la halmashauri, miaka yote ya chama cha wafanyakazi na migomo na barua zisizojibiwa, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa juu kumwambia ndiyo. Akapiga simu kwa Enoch Crabtree, mchonga mawe. Enoch akasema jiwe lipo, ataanza mara moja. Ndipo Selwyn akampigia Lorraine: njoo Jumamosi, chakula nitapika mimi.

Lorraine alikuja. Mwanamke mpana wa mabega, funguo za gari mkononi, macho ya mama yake. Alinusa hewa tangu mlangoni. "Nyama inaungua," akasema, akapita moja kwa moja kuzima oveni.

"Haiungui, inakauka."

"Baba, imekuwa soli. Kaa, nitakaanga mayai."

Wakala mayai. Selwyn alisubiri mpaka chai, kisha akaitoa barua, akainyoosha mezani kwa viganja viwili. Lorraine akasoma. Selwyn akamtazama usoni kama mtu anayetazama birika lianze kuchemka. Halikuchemka. Binti aliikunja barua taratibu, akaiweka kando ya sahani.

"Nani alikwambia mama alilipenda hilo neno?"

"Nimemwita hivyo miaka arobaini. Alikuwa akitabasamu."

"Alikutabasamia wewe."

"Mji mzima—"

"Mji mzima!" Lorraine akacheka cheko kavu. "Unaukumbuka ule mkutano ukumbini, mwaka mmoja kabla ya mafuriko? La, huukumbuki, ulikuwa zamu. Mimi nilimpeleka. Mama alisimama akauliza lini wataondoa takataka kwenye kalvati chini ya reli. Kwa adabu kabisa. Mezani alikaa Threlfall, yule mkuu wa barabara na mifereji, kipaza sauti mbele yake. Unajua alimjibu nini?"

Selwyn akaweka kikombe chini. Threlfall alikuwa mkubwa wake wa kazi. Miaka kumi na zaidi alikuwa akiliona jina lile chini ya kila tangazo la kuwabana wafanyakazi.

"Alisema, 'Yule mama bossy wa jikoni aketi, ili wanaojua waongee.' Ukumbi ukacheka, baba. Si Threlfall peke yake. Ukumbi. Desmond alicheka. Brenda alicheka mpaka akafunika mdomo."

"Brenda?"

"Huyohuyo. Baada ya mafuriko ndipo neno likawa la mapenzi. Kabla ya hapo lilikuwa la kumkalisha mtu chini."

Selwyn alihisi damu ikimpanda shingoni, hasira ileile ya siku zote, ila safari hii haikujua ielekee wapi.

"Akakaa?" akauliza hatimaye.

Na hapo uso wa Lorraine ukafunguka kidogo. "Mama? Akae? Alisema, 'Nitakaa ukishajibu.' Threlfall hakujibu, akaita ajenda inayofuata. Mama akabaki amesimama. Mkoba mkononi, koti limefungwa vifungo vyote. Wakajadili maegesho, amesimama. Wakajadili taa za Krismasi, amesimama. Cheko lilikufa, baba. Ungelisikia linavyokufa. Mwisho hakuna aliyeweza kumtazama, na Threlfall alikuwa akisoma karatasi zake kwa sauti ya mtoto aliyekosa. Wakafunga mkutano, wakazima taa, bado amesimama. Mimi ndiye niliyemwambia twende. Akaniambia, 'Angalau sasa anajua urefu wangu.'"

Selwyn alikumbuka jioni moja. Alikuwa ametoka zamu, na Avis aliingia, akaketi bila kuvua koti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaomba beseni la maji ya moto. Viatu vipya, alisema. Selwyn alipiga magoti akamkanda nyayo, akitania kwamba leo bosi ameomba badala ya kuamrisha. Naye akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo kwa muda mrefu.

"Mbona hakuniambia?"

"Ungemfuata Threlfall ungempiga. Ungefukuzwa, na ulibakiza kidogo upate pensheni. Alinikataza. Ulishawahi kumwona mtu akavunja katazo la mama?"

Mzee akainuka, akaenda dirishani, akarudi. "Lakini nilipolisema mimi..."

"Ulipolisema wewe lilikuwa jina la mahaba, najua. Nilikua humu ndani, nilisikia." Lorraine akaisogeza barua kwa kidole. "Ila jiwe halina sauti yako. Jiwe halina sauti ya mtu. Kila atakayepita atalisoma kwa sauti yake mwenyewe. Threlfall bado yuko hai, anatembeza mbwa wake pale makaburini. Atalisoma kwa yake. Na mimi..." Akapangusa makombo ambayo hayakuwapo. "Mimi kazini, nikifunga mlango, ndilo wanaloniita. Nataka kwenda kumwona mama yangu bila kulikuta limenitangulia."

Selwyn alikuwa amepigana na mchungaji, na kanuni, na jaji. Alitaka kuwatolea ulimi wakubwa wote wa nchi kwa jiwe moja, jiwe lisiloondoka. Na kumbe alikuwa akielekea kuchonga, kwa fedha zake mwenyewe, neno la Threlfall.

"Enoch anafanya kazi Jumamosi?" Lorraine akauliza.

"Mpaka mpira uanze."

"Vaa viatu. Si hivyo, vile vingine, kuna tope. Kofia yako iko nyuma ya mlango. Acha vyombo."

Akavaa. Akaacha vyombo. Wakiwa garini alimtazama binti yake kwa pembe ya jicho, mikono yake juu ya usukani, kidevu mbele, na neno likamjia ulimini lenyewe, tamu kama zamani. Akalimeza. Hili lilikuwa la mtu mmoja, na mwenyewe hakuwapo.

Walisikia tindo kabla hawajaliona banda. Sauti ile nyepesi, kama ndege mvumilivu. Enoch Crabtree alikuwa ameinama juu ya jiwe la mchanga la rangi ya asali, vumbi limemfanya mweupe mpaka nyusi. Jina lilikuwa limekamilika, limezama safi. Mke wa Selwyn limekamilika. Mama wa Lorraine limekamilika. Chini, neno lilikuwa limechorwa kwa penseli, na tindo ilikuwa imegusa mguu wa herufi ya kwanza.

"Simama!" Selwyn akapiga kelele, sauti ikapasuka katikati. Enoch hakusikia, au alisikia akaendelea; ni mzee, na banda lile limezoea kelele.

Lorraine hakupaza sauti. "Enoch. Weka chini."

Tindo ikawekwa chini.

"Mungu wangu," Enoch akasema, akivua miwani. "Nilidhani ni Avis."

Selwyn akasogea, akaweka kiganja juu ya penseli. "Hili nimelighairi."

"Umelighairi? Watu wanalilia kibali cha jaji wanazeeka, wewe umekipata unakitupa? Kwa nini?"

"Limeshatumika."

Enoch alimtazama baba, akamtazama binti, akaona si mahali pa kuuliza tena. Akapuliza vumbi kwenye ule mkwaruzo, akaupima kwa ukucha. "Hauna kina. Nitausaga, hautaonekana. Sasa niandike nini? Nina nafasi kubwa hapa. Mchungaji wako alinipa orodha: shupavu, mpendwa, mwenye mamlaka..."

"Hakuna."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna neno lake. Nimelitafuta tangu mazishi. Yapo ya watu wenye ofisi, na yapo ya kuwakalishia watu wasio nazo. Yeye hakuwa huku wala kule. Alisema jambo, watu wakafanya, mto ukapita. Anayetaka kujua alikuwa mtu gani aje kwangu Mill Bank agonge, nitamwambia kwa mdomo. Nina chai."

Lorraine alikuwa amegeuka, anasoma bei za mawe ukutani kwa umakini wa ajabu, bega moja likitikisika.

"Basi nafasi yote hii itabaki tupu," Enoch akasema, mchonga mawe asiyependa jiwe lipotee bure. "Itaonekana kama nimesahau."

"Iache. Ni ya jina langu."

"Lako halihitaji nafasi kubwa hivi. Nikuweke wapi, juu karibu naye, au chini?"

Selwyn Helliwell akatazama jina la mkewe likiwa pale juu, lenye kingo kali bila kasoro, na nafasi safi ya jiwe chini yake.

"Usipime sasa," akasema, akivaa kofia. "Nikifika, ataniambia mwenyewe nikae wapi."